Grisi ya Magoti

Katika nyumba ya Fundi watu hawakulia, walivuja. Mtoto akianguka na kuchubuka, baba yake aliuliza kutoka chumbani, "Nani anavuja huko?" Mwenye njaa alisema presha imeshuka. Aliyezidisha maneno aliambiwa afunge koki, na mgeni asiyejua wakati wa kuaga aliitwa sinki lililoziba, ila baada ya kuondoka. Majirani walidhani nyumba nzima ina kasoro kichwani. Kumbe baba mwenye nyumba alikuwa fundi bomba tu. Alirudi kila jioni na mkoba wa spana begani na maneno ya kazini mdomoni. Viatu vya matope aliviacha mlangoni, maneno akaingia nayo ndani.

Anayeyakumbuka leo ni mkewe. Jina lake la kuzaliwa lilistaafu zamani, kwa sababu Fundi alimwita Dobi tangu siku ya kwanza na watu wote wakafuata. Hakukasirika. Alikuwa dobi kweli, tena hodari, katika chumba cha kufulia cha bweni la chuo kimoja, chumba chenye joto na mvuke na harufu ya sabuni ya mche, ambako shuka nyeupe zilikunjwa na kupangwa hadi karibu na dari. Siku hiyo ya kwanza bomba la maji ya moto lilipasuka juu ya shuka alizokwisha kuzipiga pasi. Akaletwa kijana mwembamba mwenye spana, akalala chali sakafuni, akagusa sijui nini, na maji yakazidi.

"Wewe ni fundi au mafuriko?" Dobi alimpigia kelele.

"Fundi ni mimi, dada," kijana alijibu kutoka chini ya bomba, maji yakimwingia mdomoni. "Mafuriko ni ya kwako. Nimekuja kukusaidia kuyatoa."

Kazi ya asubuhi moja ikamchukua wiki nzima. Miaka mingi baadaye, watoto wakiwa wakubwa, alikiri mezani kwamba bomba lilipona siku ile ile, na kwamba siku zilizofuata alikuwa akifungua nati na kuifunga tena. Dobi alisema alijua. Mtu anayepiga pasi siku nzima mikono yake ina kazi, lakini macho hayana.

Sasa, watu wakimfikiria fundi bomba hufikiria mikono. Wanakosea. Fundi bomba anakula kwa magoti. Atapiga magoti chini ya sinki, atapiga magoti mtaroni, atapiga magoti kwenye vyoo ambavyo wenyewe wanaviogopa, tena mara nyingi kuliko hata mtu wa sala. Nusu ya mabomba ya mtaa ule yalipita mikononi mwa Fundi. Iko kona moja ambayo mpaka leo Dobi akipita na kusikia maji yakikimbia chini ya lami, husema moyoni, ya mume wangu hayo. Halafu hupunguza mwendo kidogo.

Lakini magoti si chuma. Asubuhi moja, mtoto wao wa kwanza akiwa bado hajaanza shule, Fundi alishindwa kuinuka kitandani. Kila akijaribu, magoti yalilia kwaa, kama mlango wa stoo. Dobi akatoka mbio hadi dukani, akanunua vidonge vya maumivu, vile vinavyokaa karibu na viberiti na hakuna anayekuuliza unavitakia nini. Akampa kimoja na maji.

"Haya, meza grisi hiyo, bawaba zilainike."

Fundi alicheka mpaka maji yakamtoka puani. Akameza, na kabla chai haijapoa akawa amesimama, anacheza katikati ya chumba na nguo ya ndani tu, akiimba kwamba mke wake ni daktari wa bawaba. Dobi alikuwa kijana wakati huo. Alijiona mwerevu, alijiona anapendwa, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Tangu hapo vidonge vile havikuwa na jina jingine. Mtoto alipotumwa mara ya kwanza akanunue grisi ya baba, alirudi na kopo la grisi ya baiskeli, na kicheko cha siku hiyo kiliwatosha mwezi. Mwenye duka naye akajifunza lugha ya nyumba hiyo. Grisi ikawa kitu cha kila siku, kama chumvi na sukari. Kabla ya kutoka kazini Fundi aliuliza spana, akauliza kofia, akauliza grisi. Siku za baridi alimeza na jioni pia. Akaunganisha mabomba, akasomesha watoto, akaoza binti, akaota mvi, na magoti yakaendelea kumbeba kwa nguvu ya grisi.

Ugonjwa ulipokuja haukupiga hodi. Ulianza na uchovu, wakausingizia uzee. Ukaja uvimbe wa miguu, wakazisingizia soksi. Mkojo ukawa na povu, na hapo Dobi, ambaye povu alilijua vizuri kuliko mtu yeyote, akasema hili si la sabuni, twende hospitali. Wakaambiwa presha iko juu na figo zimechoka, zinafanya kazi chini ya nusu. Zilizokufa hazifufuki, dokta alisema, kazi iliyopo ni kuilinda ile sehemu iliyobaki.

Dokta yule alikuwa kijana mpole mwenye kuongea taratibu. Aliwaeleza kwamba figo hazichuji maji tu, hutoa pia mabaki ya dawa mwilini. Zikichoka, hata kipimo cha kawaida cha dawa kinaweza kurundikana na kuwa sumu.

"Kama sinki lililoziba," Fundi alisema. "Koki inamwaga kiasi kile kile, ila chini hayatoki."

"Hivyo hivyo, mzee. Ndiyo maana dawa zako nyingine nitazipunguza, na nyingine hutazigusa kabisa. Hizi dawa kali za maumivu, kwa mfano, usiziguse. Na chumvi upunguze."

"Dokta, mimi ni mtu niliyekula chumvi nyingi."

"Basi imetosha, baba. Waachie na wengine."

Walicheka wote watatu. Dobi aliposikia dawa kali za maumivu, akilini mwake aliona sindano na chupa za kuning'inia, vitu vya watu waliovunjika miguu. Akaitikia kwa moyo mmoja kwamba hawatazigusa.

Ajabu ya nyumba ile ni kwamba vidonge vya hospitali havikupewa majina ya utani. Hivyo vilikuwa dawa, na dawa ni kitu cha kuheshimiwa. Dobi alivitunza kwenye kopo la vifungo, vya presha kando, vya kupunguza maji kando, na alisimama mbele ya Fundi mpaka koo lishuke ndipo aondoke. Mboga za majani alizichemsha na maji yake akayamwaga, kwa sababu walionywa kuhusu madini ya potasiamu, ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa na yakizidi yanaweza kuusimamisha moyo. Ndizi zikawa za wajukuu. Chumvi aliificha nyuma ya debe la unga, na Fundi, aliyewahi kutafuta bomba lililofukiwa chini ya ukuta akalipata, hakuipata. Hata maji alipimiwa kwa chupa. Mtu aliyeupelekea maji mtaa mzima! Alikuwa akiikamata ile chupa, akaitazama kwenye mwanga, akasema mamlaka ya maji imehamia jikoni kwake.

Na kila walipokwenda kliniki, nesi mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, waliyemwita sista, aliwauliza swali lile lile. "Kuna dawa nyingine yoyote mnayotumia nyumbani?"

"Hakuna, sista," walijibu pamoja, kwa dhamiri safi kama shuka za Dobi.

Lakini figo ziliendelea kushuka. Presha ilitulia, miguu ikawa ya kawaida, rangi ikamrudia kidogo baada ya sindano za kuongeza damu, na bado kila kipimo cha figo kilikuwa kibaya kuliko kilichotangulia. Hatimaye dokta aliyasoma majibu, akayarudia tena. Kisha akasema haelewi. Mgonjwa anafuata masharti yote, na figo zinakwisha. Zikiendelea hivi, kabla mwaka haujaisha itabidi waanze kuandaa mshipa wa mkono kwa ajili ya mashine ya kusafisha damu.

Fundi alitazama mkono wake. "Nimeunganisha mabomba maisha yangu yote, dokta. Sitaki kuunganishwa mimi."

"Mashine si adui, mzee. Inawapa watu uhai, na ukifika wakati wake itakupa na wewe. Ila sipendi ufike mapema hivi, bila kujua sababu."

Wakatoka hadi kwenye benchi la korido kungoja dawa. Dobi alikuwa akiwaza jinsi nyumba yao itakavyokuwa. Fundi asiyeweza kukaa mahali pamoja hata wakati wa kula, alazwe kwenye kiti cha mashine nusu siku, mara kadhaa kila wiki, akitazama dari. Atakufa kwa kuchoshwa kabla ya figo kumuua. Ndivyo alivyowaza.

Sista akaja na dawa. Fundi akajaribu kusimama kwa heshima, magoti yakalia kwaa, akakaa tena.

"Dobi, umebeba grisi?"

Dobi akafungua mkoba, akapekua chini ya leso na funguo, akatoa kipande cha vidonge.

"Grisi gani hiyo, mama?" sista aliuliza. "Mnampaka nini?"

"Hapaki, sista. Anameza."

"Anameza grisi?"

"Si ya gari!" Fundi alicheka. "Ya magoti. Mke wangu ndiye mtaalamu."

Sista alikichukua kile kipande cha vidonge, akakisogeza karibu na miwani, akasoma. Alipoinua uso haukuwa na utani. "Anameza hivi mara ngapi?"

"Asubuhi tu," Dobi alisema. "Siku za baridi na jioni."

"Tangu lini?"

Dobi akafikiria. "Tangu binti yetu hajaanza shule."

Binti huyo sasa alikuwa na watoto walio shuleni.

"Mama yangu," sista alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia. "Kila mkija nawauliza kama kuna dawa nyingine."

"Na sisi tunakujibu ukweli. Hii si dawa. Hii ni grisi."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Cha kwao kilikuwa mkobani, kimefungwa kwenye leso safi. Sista aliketi katikati yao kwenye lile benchi akawaeleza. Vidonge hivi hubana damu inayokwenda kwenye figo. Mwenye figo nzima akivimeza siku chache kwa maumivu, mara nyingi hupita salama. Mwenye figo zilizochoka akivimeza kila siku, anazinyonga mwenyewe, na presha anaipandisha. Dokta aliitwa. Alishika kichwa. Akasema kosa na yeye analo. Alikuwa amesema dawa kali, na mtu anayenunua kitu karibu na viberiti hawezi kudhani ni kikali.

Njiani Dobi alitembea mbele, mkoba ameukumbatia, na Fundi akamfuata akichechemea.

"Dobi. Unavuja."

"Niache."

"Mabega yanatikisika, naona. Hiyo presha ni kubwa."

Akageuka katikati ya njia, watu wakipita. "Mimi ndiye niliyekupa! Mimi ndiye niliyekipa jina! Ningekiita dawa siku ile, tungekitaja siku ya kwanza kliniki. Sasa maji yamemwagika, hayazoleki!"

Fundi alimfikia, akashika bega lake ili apumzishe goti, na labda si goti tu. "Hayazoleki, kweli. Lakini tangu lini fundi akaenda kuzoa maji? Fundi anatafuta koki, anafunga. Tumeiona koki leo. Twende nyumbani tukaifunge."

Kusema ni rahisi. Magoti yaliyozoea grisi ya miaka yote hiyo hayakuaga kwa amani. Dokta aliruhusu kidonge kingine kisichobana figo, kwa kipimo, nacho kilisaidia kiasi. Kiasi si sana. Fundi aliyekuwa mcheshi akawa mkali, akagombana na redio, akagombana na paka wa jirani. Siku ya mvua alijikokota kisirisiri hadi dukani.

"Nipe grisi," alinong'ona.

Mwenye duka akainama, akaibuka, akaweka mezani kopo la grisi ya baiskeli. "Mama alishapita hapa, mzee. Na duka la pili. Na la kule juu. Usijichoshe."

Fundi alilinunua. Akarudi nalo, akaliweka mbele ya mkewe, wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili kwa mara ya kwanza tangu siku ya benchi. Walicheka mpaka wakaishiwa nguvu. Halafu Dobi, akijifuta macho, akasimama akachomeka pasi.

Alitoa taulo nene kabatini, akalilowesha, akalikamua kwa mikono ya mtu aliyekamua shuka za bweni zima, akalipitishia pasi mpaka mvuke ukapanda na chumba kikanuka kama kile chumba cha zamani. Alilijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe, akalingoja lipoe kidogo, ndipo akalizungushia goti la mumewe. Fundi alifumba macho.

"Harufu hii naijua," alisema. "Kulikuwa na dada mmoja mkali sana."

"Kulikuwa na kijana mmoja mwongo sana. Leta la pili."

Ikawa hivyo kila asubuhi na kila jioni. Dobi hupiga pasi taulo, Fundi hunyoosha miguu, na wanazungumza, kwa sababu taulo, tofauti na kidonge, linahitaji mtu akae. Waliyazungumza mambo ambayo miaka ya kazi haikuwapa nafasi ya kuyazungumza. Dobi ukimuuliza leo miaka mizuri ya ndoa yake ni ipi, hatataja ya ujana. Atataja ile ya taulo.

Na kliniki? Kipimo kilichofuata hakikushuka. Dokta aliigeuza karatasi yake juu chini, akatabasamu. "Nguvu ya figo imesimama pale pale."

"Kusimama tu?" Dobi alisikitika. "Haijapanda?"

"Kwa figo, mama, kusimama ni ushindi mkubwa."

Ilisimama, ikawa inateremka polepole tu kama mzee kwenye ngazi, na ile mashine iliendelea kuwangoja wengine. Sista mwenye miwani aliwaambia kwamba tangu siku ile halali vizuri akifikiria majina ambayo watu wameyapa vidonge majumbani mwao. Baadaye alihamishwa, wakaagana naye kwa kushikana mikono. Fundi mwenyewe aliondoka miaka kadhaa baada ya hapo, mchana, ameketi kwenye kiti chake karibu na koki ya uani, taulo bado lina joto magotini. Moyo, dokta alisema. Figo zikichoka muda mrefu, moyo nao hulipia. Hakuunganishwa. Dobi alivuja kwa muda mrefu sana, na hakukuwa na mtu wa kuuliza nani anavuja huko.

Hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Watoto walikuwa wema, walimpigia simu, walimletea vitu, lakini nyumba zao zilikuwa zimehamia maneno mengine. Alipomwambia mjukuu afunge koki, mjukuu alikwenda bafuni kuangalia. Lugha ya nyumba nzima ilikuwa imebaki na msemaji mmoja, na msemaji mmoja hana wa kuzungumza naye.

Basi mwaka huu binti yake alimpeleka hospitali ile ile kupima presha. Korido ilikuwa imepakwa rangi mpya, benchi lilikuwa lile lile. Dobi akaketi mahali pake, mkoba magotini. Kwenye meza ya mbele nesi kijana, ambaye Dobi hajawahi kumwona, alikuwa akimhoji mzee mmoja mgeni aliyevaa koti la kazi.

"Dawa nyingine unatumia, babu?"

"Hakuna, mwanangu."

"Na grisi je? Grisi hutumii?"

Dobi akainua kichwa.

"Grisi?" mzee alishangaa.

"Vile vidonge vya dukani, babu. Mgongo ukiuma, magoti yakiuma, unameza kimoja unaendelea na kazi. Hapa tunaviita grisi. Kila mtu lazima tumuulize grisi."

Mzee akajikuna kidevu. "Aa. Hivyo? Hivyo ninavyo hapa hapa mfukoni."

Nesi akanyoosha kiganja, na mzee akavitoa.

"Neno hilo mmelitoa wapi?" Dobi aliuliza ilipofika zamu yake.

"Sijui, bibi. Nimelikuta. Waliotufundisha kazi walikuwa wanalisema." Nesi akamfunga mkanda wa kipimo mkononi, akamtazama usoni, akauacha. "Bibi, mbona unalia? Kuna mahali panauma?"

"Silii, mjukuu wangu," Dobi alisema. "Navuja tu."